Kasuku na Kitambaa cha Muuguzi

Kila alipotoka shule, Kasuku alipitia kibandani kwa baba yake, fundi cherehani, akavua viatu na kushika futi. Kazi yake ilikuwa kupima vitambaa vya wateja na kuvibandika vikaratasi. Jina la Kasuku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata cherehani ya baba ilikuwa na nafuu.

Siku hiyo alikuja na jambo jipya.

"Dada," alimwambia binamu yake, aliyekuwa akijifunza ushonaji pale, "unalijua neno la Kiingereza 'suspect'? Maana yake ni kushuku. Mwalimu anasema asili yake ni Kilatini, lugha ya zamani sana. Kipande cha kwanza ni 'chini', cha pili ni 'kutazama'. Yaani mtu anayeshuku anakuchungulia kwa chini!"

"Haya, mtaalamu," Dada alicheka, akatoka kwenda kununua uzi.

Kasuku akavuta kitambaa cha pamba cha muuguzi wa jirani. Jana alikipima mwenyewe, kikawa mita tatu kamili. Leo futi ilikataa. Akapima tena. Kilipungua karibu shibiri nzima! Baba alikuwa ametoka tangu asubuhi, na kitambaa kilibaki na Dada peke yake.

Dada aliporudi, Kasuku aliinamia daftari lake, huku macho yakimfuata binamu yake kila alipogeuka.

"Umemeza nini leo?" Dada aliuliza. "Na mbona unanitazama kwa chini, kama lile neno lako?"

"Hakuna kitu."

Kabla Dada hajauliza tena, muuguzi mwenyewe akabisha hodi. Kasuku hakuweza kujizuia. "Mama, kitambaa chako kimepungua! Jana kilikuwa kizima, na leo alikuwa nacho Dada."

Dada aliweka uzi mezani.

"Nilikiroweka asubuhi, nikakianika," alisema. "Pamba ikilowa hurudi, ikapungua. Nilitaka irudi sasa, gauni lisije likambana mama baada ya kufuliwa."

"Mafundi hamkosi majibu!" muuguzi alifoka. "Nipe kitambaa changu. Na nikikukuta hapa tena, sileti kazi, wala wenzangu hospitalini hawaleti."

Dada alichukua mkoba wake, akaanza kutia sindano zake. Machozi yakamdondoka mkononi. "Wewe unaongea kutwa," alimwambia Kasuku, "ukakosa swali moja la kuniuliza mimi?"

Kasuku alitamani ardhi ipasuke.

Wakati huo huo baba akaingia. Alisikiliza upande wa kila mmoja bila kumkatiza, kisha akatandaza kitambaa mezani. "Kasuku, umepima urefu. Pima na upana."

Kasuku alipima. Vitambaa vya aina ile huja na upana wa mita moja na nusu. Hiki nacho kilikuwa kimepungua.

"Sasa tazameni kingo hizi mbili," baba alisema. "Ni za kiwandani, hazijaguswa na mkasi. Mwizi gani anapunguza upana bila kukata? Kimerudi pande zote, kwa sababu ya maji."

Muuguzi alipitisha kidole kwenye kingo, taratibu, hadi mwisho. Akashusha pumzi. "Binti, nimekukosea."

Kasuku naye alisimama mbele ya Dada, safari hii akimtazama usoni. "Nisamehe. Nilikusema kabla sijakuuliza."

"Kushuku kunampata kila mtu, mwanangu," baba alisema. "Lakini shaka ukiipeleka kwa mwenyewe, ni swali, naye atakujibu. Ukiipeleka kwa wengine kwanza, umeshamhukumu. Leo ulikaribia kumfukuzisha ndugu yako kwa kazi nzuri aliyoifanya."

Dada alifuta macho.

"Nani atakikata?" muuguzi aliuliza.

"Mimi," baba alijibu. "Huyu bado hajaanza kukata vitambaa vya wateja."

"Basi aanze na changu."

Baba alimtazama Dada, kisha akamsogezea mkasi mkubwa. Dada aliupokea kwa mikono miwili.

"Kasuku," alisema, "njoo unishikie upande ule."