Kofia Haiombi Tuta

Wananchi wote mnatangaziwa! Kamati Kuu ya Usalama wa Watembea kwa Miguu na Waendesha Baiskeli imezinduliwa rasmi. Kamati imeamua, kwa kauli moja, kuokoa maisha ya watoto wa kijiji cha Lukozi.

Kauli ilikuwa moja kwa sababu mjumbe alikuwa mmoja. Aliitwa Benjamini, mkulima wa kabichi. Ofisi ya kamati ilikuwa baiskeli yake.

Lakini sababu alikuwa nayo. Barabara ya kwenda sokoni inateremka na kukata kona mbele ya shule. Hapo hapakuwa na tuta, alama wala njia ya miguu. Watoto, pikipiki na baiskeli za mboga waligombea nafasi hiyo hiyo. Siku moja binti yake Evelina aliruka mtaroni ili asigongwe. Alirudi nyumbani goti limechubuka.

"Baba, naiogopa ile kona," alisema. Hakutaja aliyetaka kumgonga.

Basi asubuhi moja kamati ilichukua jembe, ikarundika udongo katikati ya barabara. Tuta likawa kubwa kama kaburi la ng'ombe. Kisha kamati ikaenda shambani kupakia mzigo.

Ukungu ulikuwa mzito. Mtu wa kwanza kukutana na tuta alikuwa aliyelijenga. Baiskeli ilibaki upande huu, Benjamini akaenda upande ule. Kabichi ziliingia shuleni zikabiringika mbele ya wanafunzi waliopanga mstari. Mmoja akazipigia saluti.

Bi Yusta, jirani yake, ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alimkuta mtaroni.

"Shikamoo, Baba Evelina."

"Marahaba," Benjamini alijibu kutoka chini, kwa heshima zote.

"Nani kaweka tuta hili?"

"Kamati."

"Kamati gani?"

"Mambo ya ndani ya kamati hayasemwi hadharani."

Bi Yusta alijizuia kucheka, akampa mkono. "Barabara hii ina wakala anayeisimamia. Huruhusiwi kuichimba wala kuirundikia udongo. Tuta lina vipimo vyake, na lina kibao cha kuonya. Hili lako lingeua mtu, liondoe leo hii."

"Basi serikali ilete lake! Fedha si zipo?"

"Fedha ya umma inafuata mpango. Wazo linasemwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkikubaliana, linaandikwa kwenye muhtasari, linakwenda kata, kisha halmashauri na wakala wa barabara. Wataalamu wanakuja kupima. Likikubalika na fedha ikitosha, linaingia kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Na fedha iliyotengwa kwa kivuko cha watembea kwa miguu ni ya kivuko. Haigeuki chai ya wageni."

"Mimi sikosi mkutano hata mmoja!"

"Kofia yako ndiyo haikosi."

Hilo lilikuwa kweli. Benjamini aliweka kofia kwenye benchi la mbele kushika nafasi, kisha akaenda kuuza kabichi. Hakuna aliyethubutu kuikalia kofia ya mtu mzima.

"Tumeiuliza kuhusu barabara," alisema Bi Yusta. "Haijanyoosha mkono."

Benjamini alijikung'uta matope. "Na breki za baiskeli? Serikali inanunua?"

"Hapana. Fedha ya umma inatengeneza barabara ya wote. Breki ananunua mwenye baiskeli. Kwani vipi?"

"Namuulizia rafiki."

Mkutano uliofuata, kofia ilikuja na kichwa ndani yake. Benjamini alisimama. Aliomba lami, taa, daraja la juu na njia ya baiskeli hadi Tanga.

"Ukiomba vyote utakosa vyote," alisema Mzee Mbaraka, mwenyekiti wa kijiji. "Taja mahali. Taja hatari. Sema tutachangia nini."

"Kona ya shule. Watoto watagongwa. Tunaomba matuta, kivuko chenye alama na njia ya miguu. Mawe tutasomba wenyewe."

Mikono ikanyooshwa.

Mwaka ule fedha haikutosha, zahanati ikatangulia. Benjamini alinuna. Bi Yusta akawashauri waurudishe mradi mkutanoni, wakaurudisha. Wataalamu wakaja kupima, fedha ikatengwa, na mwaka uliofuata wanakijiji wakasomba mawe, kona ikajengwa.

Siku ya uzinduzi, diwani alimwita Evelina mbele. "Mwanangu, waambie wageni. Siku ile uliporuka mtaroni, ulikimbia pikipiki ya nani?"

Evelina alimtazama baba yake. "Ilikuwa baiskeli."

"Ya nani?"

"Ilibeba kabichi. Mwenyewe alikuwa anafunga breki kwa kandambili."

Macho yote yalishuka kwenye kandambili za Benjamini. Ya kulia ilikuwa imelika, nyembamba kama jani.

Benjamini alivua kofia. "Ni mimi," alisema. "Sina breki. Nilimtambua mwanangu akiwa tayari mtaroni. Tuta nililitaka linizuie mimi mwenyewe."

"Na yule rafiki yako?" aliuliza Bi Yusta.

"Ndiye huyu."

Aliweka kofia kwenye benchi, akaikokota baiskeli hadi kwa Hamisi, fundi wa baiskeli, ikawekewe breki. Nyuma yake watoto walivuka kona wakitembea taratibu, Evelina akiwa mbele. Uzinduzi uliendelea, na kamati iliwakilishwa na kofia.