Shuka Kwenye Hiyo Landrova

"Justa, shuka kwenye hiyo gari. Shuka sasa hivi!"

Justa aliibana simu sikioni ili sauti isitoke nje. Walikuwa wameshaipita Usagara, wanaelekea Kigongo. Baba yake, Mzee Ngosha, alikuwa kwenye usukani, na pembeni yake Shangazi Teodora. Justa mwenyewe alikaa nyuma, kwenye mabenchi ya kutazamana, pamoja na baba zake wadogo wawili, watu wazima wenye miili yao. Katikati ya miguu yao yalilala magunia mawili ya mchele.

"Venant, siwezi kuongea," alinong'ona.

"Usiongee na mimi, ongea na mzee. Mwambie asimamishe. Propela ya nyuma nimeikosea."

Justa akakata simu.

Hakuogopa propela, lile bomba refu la chuma linalozungusha magurudumu. Aliogopa kwamba Venant amejua.

Jana yake alimdanganya. Alimwambia wanakwenda msibani Busisi. Ukweli ni kwamba walikuwa wanakwenda Sengerema, kwa kina Masalu, kukagua ng'ombe wa mahari. Mahari ya Justa mwenyewe, aozwe Masalu. Mzee Ngosha alishaelewana na baba yake Masalu, na Mzee Ngosha akishaelewana na mtu huwa hamuulizi mwingine. Justa alikuwa na miaka mitatu na Venant, fundi wa Mkolani, na nyumbani hakuna aliyejua. Alinyamaza kwa woga, siku zikaenda, na leo alikuwa amevalishwa kitenge kipya kama mzigo uliofungwa tayari.

Na Landrova yenyewe iliyombeba alikuwa ameitengeneza Venant. Miezi miwili alilala chini yake. Ilikuwa ya zamani kuliko Justa, injini yake ilishakufa, ikawekwa nyingine ya dizeli na gia boksi yake. Gia boksi hiyo ilikuwa ndefu, kwa hiyo propela za zamani hazikukaa. Venant akazikata na kuzichomelea upya. Kila jioni alikuwa anamwambia Justa, "Nikimkabidhi mzee gari yake, ikaenda safari na kurudi, ndiyo siku nitakayomwambia habari zetu."

"Nani huyo?" Shangazi Teodora aligeuka.

"Dukani, Shangazi. Wanaulizia spea."

"Waambie leo huuzi spea. Leo unauzwa wewe!" Akacheka peke yake.

Simu ikatetemeka. Ujumbe.

"Justa sikutanii. Gari ikibonyea kwa mzigo, propela inakosa pa kuingia. Itapasua gia boksi au itakatika. Msipande daraja la Kigongo. Niko kwenye boda, nakuja."

Justa akaandika: "Nani kakwambia tunakokwenda?"

"Si msibani? Kuna nini kingine?"

Justa alilitazama jibu hilo mpaka herufi zikaanza kucheza. Hajui? Au anajifanya hajui? Mwanaume mwenye wivu anaweza kusema lolote ili safari ife. Akimwambia baba asimamishe, halafu ikaonekana ni uongo, Venant hataikanyaga tena nyumba ya Mzee Ngosha hata kama fundi. Akinyamaza, na ikawa kweli?

*Kong!*

Tairi la nyuma lilikuwa limepita kwenye shimo. Mlio ulitoka chini kabisa, chuma kugonga chuma, ukampanda Justa mpaka kwenye meno.

"Hiyo nini?" aliuliza baba mdogo mmoja.

"Gari ya kiume hiyo," alisema Mzee Ngosha. "Lazima iseme."

Justa alikuwa akiuza spea kwenye duka la mzee Jayant, mjini Nyamagana, mwaka wa sita sasa. Ameshawaona mafundi wengi wakirudisha propela iliyopinda, na kila mara mzee Jayant aliwauliza swali moja kabla ya kuigusa. Akaliandika lile lile.

"Uliipima gari ikiwa wapi?"

Jibu lilichukua kama dakika nzima. Mbele nguzo za daraja zilishaanza kuonekana, na nyuma yake maji.

"Juu ya mawe. Matairi yananing'inia. Ya mbele niliipima gari ikiwa chini, ya nyuma nikafanya haraka. Leo nimepima Landrova nyingine juu ya mawe, nikaishusha, nikaona tofauti vidole viwili. Nisamehe."

Hapo Justa akaamini. Fundi anaweza kudanganya mengi, lakini hakuna anayejivua nguo kiasi hicho. Kosa hilo ni la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Baba, simamisha gari."

"Kuna nini?"

"Propela ya nyuma ni ndefu. Itakatika."

"Nani kasema?"

"Fundi."

"Fundi aliyenikabidhi juzi akasema niende nayo hata Bukoba?"

"Ndiye huyo, Baba. Amepiga sasa hivi."

Shangazi Teodora akageuka mwili mzima. "Si ulisema dukani? Ngosha, usisimame! Tangu asubuhi huyu mtoto uso wake nauona. Hataki kwenda kwa watu, sasa anatafuta sababu."

"Tulia, Justa," alisema baba yake, akakanyaga mafuta.

*Kong! Kong!*

Harufu ya oili ya moto ikaingia kutoka sakafuni. Justa alikuwa anaogopa gari, anaogopa maji, lakini zaidi ya vyote alikuwa anaogopa ile shingo ya baba yake isiyogeuka. Maisha yake yote aliiogopa. Akasimama ameinama, akashika komeo la mlango wa nyuma, akalivuta. Mlango ukafunguka kwa kishindo, lami ikaonekana inakimbia chini.

"Baba, simamisha au naruka!"

"Ngosha!" baba mdogo alipiga kelele, amemkamata Justa kitenge. "Ngosha, simama! Mtoto anaruka!"

Breki zilipiga kelele. Landrova ikayumba, ikasimama pembeni ya barabara, kabla tu ya kufika darajani.

Mzee Ngosha alishuka. Alikuja nyuma kwa hatua ndefu. Justa hakumsubiri. Alilala chali kwenye vumbi na kitenge chake kipya, akaingia chini.

Oili ilikuwa inadondoka. Akaitafuta ile sehemu ya propela ambapo chuma kimoja huingia ndani ya kingine ili kiteleze. Hapakuwa na nafasi. Kilikuwa kimekwisha kuingia chote, kimegota, na mahali kilipogota pameparuzwa mpaka pameng'aa.

"Baba," aliita. "Njoo uone."

Mzee Ngosha alipiga magoti, akachungulia. Akapeleka kidole pale palipong'aa, akakirudisha haraka kwa joto.

Bodaboda ilisimama. Venant aliruka kabla haijatulia, mkononi mfuko wa spana na galoni ya oili. Alimtazama Justa anavyotoka chini ya gari, akamkagua kichwa mpaka miguu kama mtu anayehesabu viungo. Ndipo akamgeukia mzee.

"Shikamoo mzee."

Mzee alinyoosha kidole kuelekea chini ya gari.

"Kosa ni langu. Niliipima juu ya mawe kwa sababu nilitaka niimalize haraka. Siyo chuma, siyo barabara. Ni mimi."

"Ungenyamaza ningesema ni bahati mbaya. Ungeniuzia na propela nyingine. Kwa nini ulipiga simu?"

Venant aliweka galoni chini. "Justa alikuwa ndani."

"Sisi wengine je, ni mawe?" aliuliza Shangazi Teodora.

"Hapana mama. Nanyi pia. Lakini nilipiga kwa ajili ya Justa."

Justa alijipangusa vumbi kwenye kitenge. Venant aliangalia magunia ya mchele, akaangalia wazee waliovaa makoti, akaangalia kitenge.

"Justa. Huu msiba ni wa nani?"

Woga ulimpanda tena, ule ule wa miaka yote. Safari hii hakuumeza.

"Hakuna msiba. Tunakwenda Sengerema kukagua ng'ombe wa mahari yangu. Nilikudanganya, Venant, na baba nilimficha. Niliwaogopa wote wawili."

Venant aliinama, akafungua mfuko wake, akatoa futi.

"Mzee," alisema, "naomba wote mpande ndani mkae kama mlivyokuwa mmekaa. Nataka niipime ikiwa na mzigo. Ndivyo nilivyotakiwa kuipima."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Chini yake."

Wakapanda, mmoja mmoja, hata Shangazi Teodora akinung'unika. Chini, fundi alikuwa amelala peke yake na kosa lake, na juu yake familia nzima iliyokuwa inakwenda kumwoza mpenzi wake kwa mtu mwingine. Justa alimsikia akivuta pumzi kwa nguvu mara moja, kama mtu anayezuia kilio. Kisha spana zikaanza kazi.

Baadaye alitoka na propela ya nyuma begani.

"Kipimo nimekipata. Nimeitoa, na oili nimeongeza. Ya mbele iko sawa. Mkiivuta ile lever ya magurudumu ya mbele, itatembea, polepole. Itawafikisha popote, mzee. Sengerema au Mkolani."

Simu ya Mzee Ngosha ikaita. Ilikuwa ni baba yake Masalu. Mzee aliiacha iite mkononi, akageuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, ile shingo iligeuka.

"Justa. Popote ni wapi?"

"Nyumbani, Baba."

"Na ng'ombe?"

"Wabaki kwa wenyewe."

"Ngosha, tutasema nini kwa watu?" Shangazi Teodora alishika kichwa.

Mzee alipokea simu. "Ndiyo, ndugu yangu. Hatufiki. Hapana, siyo gari. Mimi ndiye niliyekosea. Sikumuuliza mtoto." Akasikiliza maneno makali, akayapokea yote, akakata. Kisha akamtazama Venant.

"Wewe. Kuna watu wa kwenu wanaojua kuongea?"

"Wapo, mzee."

"Waje Jumamosi. Na waje kwa miguu yao, wasipande gari uliyotengeneza wewe."

Baba wadogo waliangua kicheko. Venant hakucheka. Alimwendea Justa, bado uso umejaa oili.

"Miaka mitatu tuko pamoja, Justa, na hili hukuniambia."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa leo. Lakini nilipiga."

Justa alimpokea propela begani, nzito, yenye mafuta, ikakichafua kitenge chote, akaipakia mwenyewe nyuma kati ya magunia. Kisha akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi.

"Panda," alisema. "Sitakuficha tena."

Venant akapanda.