Mitungi Ishirini na Minne

Risasi ya kwanza ilipasua ndoo ya plastiki. Ya pili ilivunja shingo ya sanamu ya kuvalishia magauni, kichwa kikadondoka miguuni kwa Candida.

Akakiruka. Hakupunguza mwendo.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Watu walikuwa wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Mbele yake, hatua thelathini hivi, mwanamume mwenye shati jekundu alikuwa akikimbia huku akiwatwanga watu usoni kwa kitako cha bastola. Aliitwa Mrisho. Saa moja iliyopita, ndani ya ghala moja la Mchikichini, alikuwa amemchinja Benedict.

Benedict na Candida walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita katika Idara ya usalama. Candida alimkuta amelala juu ya balo la mitumba, koo wazi, na mkononi ameng'ang'ania lakiri ya plastiki ya bluu. Lakiri za aina ile zilifungwa kwenye kitu kimoja tu. Mitungi ya gesi ya serikali.

"Kipanga, uko wapi?" Sauti ya Mkuu wake, Ismail, ikimwita kwa jina la kazi, ilitoka kwenye kidude kilichokaa sikioni, kidogo kama punje ya mahindi.

"Kongo. Naingia Mkunguni."

"Namtaka hai."

"Yeye hanitaki hai, Mkuu."

Mrisho alikata kona, akapiga teke mkokoteni wa nanasi, akazama ndani ya jengo lililokuwa bado linajengwa. Candida akamfuata. Ngazi hazikuwa na kingo. Vumbi la saruji lilimkaba koo. Akapanda ghorofa ya kwanza, ya pili.

Ya tatu, kimya.

Kisu kilitokea nyuma ya nguzo; risasi zilikuwa zimemwishia Mrisho. Candida aliinua mkono wa kushoto na makali yakamchana kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Maumivu yalikuja baadaye. Kwanza lilikuja goti lake. Likamwingia Mrisho tumboni, kisha paji la uso wake likampasua pua. Mrisho alitema damu, akacheka, akamrukia tena.

Candida alihama hatua moja tu.

Mrisho alipitiliza. Chini yake, kwenye uwazi wa ngazi, nondo za nguzo zilikuwa zimesimama zikisubiri zege. Mbili zilimpitia kifuani. Alitingisha miguu kidogo, kama mtu anayetafuta kandambili, kisha akatulia.

Candida alishuka. Akaitoa simu mfukoni mwa marehemu, Tecno mpya. Akamshika kidole gumba, akaifungulia.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa mfupi.

*24 imo katikati ya 600. Mgeni rasmi akisimama kugawa wa kwanza, nabonyeza. Yule mwanamke vipi?*

Candida alifuta damu kwenye kioo, akaandika: *Amekufa.*

Jibu likaja hapo hapo. *Safi. Kaa mbali na Mnazi Mmoja.*

Alijua ni nani. Idara nzima ilimjua. Kessel, wakala wa kampuni ya nje iliyokuwa ikileta gesi nchini na kuiuza kwa bei iliyowatoa watu machozi. Kwa miaka kumi alikula Bongo kama kwake. Kisha serikali ikaanza kuingia palipokuwa pake. Ilianza na bima ya matibabu, ikaja na dawa za jumla, na sasa gesi. Serikali inaagiza yenyewe, inajaza yenyewe. Siku ile, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, mama lishe mia sita wa Kariakoo walikuwa wanapewa mitungi, kila mmoja na jiko lake, ili waache mkaa uliokuwa ukiwala mapafu.

Mitungi ishirini na minne ikilipuka mbele ya kamera, hakuna mwanamke nchini ambaye angeupokea tena mtungi wa serikali. Wangerudi kwenye mkaa. Au kwa Kessel.

Alimweleza Ismail kwa maneno machache.

"Tuwatoe watu?" Candida aliuliza.

"Watu elfu tatu, mageti mawili. Wakianza kukimbia tu, anabonyeza."

Mbwa je? Mbwa walikuwa wamepitishwa asubuhi, harufu ya gesi ikawavuruga. Mizani je? Mitungi yote ilikuwa na uzito mmoja. Jamaa walikuwa wamejaza mchanga na baruti kwa kipimo, wakachomelea, wakapaka rangi. Mashine ya kuona ndani ilikuwa bandarini, kuihamisha ni kazi ya saa mbili.

"Ninachoweza ni kumchelewesha mgeni rasmi," Ismail alisema. "Hadi saa sita na nusu. Mgeni rasmi akichelewa hakuna anayeshtuka."

Candida alifunga jeraha kwa kipande cha shati la Mrisho.

"Mkuu. Bi Sitara yumo kwenye orodha ya hao mama lishe."

"Najua," Ismail akasema. "Ni namba moja."

*

Bi Sitara alikuwa ameuza wali na maharage Mtaa wa Sikukuu kwa miaka thelathini na mmoja, mbele ya duka la vitambaa la baba yake Candida. Mama yake Candida alipofariki, Candida akiwa na miaka saba, ni mwanamke yule aliyemwita kila mchana na kumwekea sahani bila kusema neno. Sasa alikohoa kila baada ya sentensi mbili. Daktari alimwambia mapafu yake ni kama ya mvutaji, na hajawahi kushika sigara. Akiendelea na mkaa, mwaka haumalizi.

Candida alimkuta uwanjani mstari wa mbele. Mia sita walikuwa wamesimama kwa safu, kila mmoja nyuma ya mtungi wake wenye namba nyeupe. Wengi walikuja na hotipoti na chupa za chai, kwa sababu hakuna mama lishe anayekwenda kwenye sherehe ya serikali na njaa. Hotuba zinajulikana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkono umefanyaje?"

"Nimejikata na bati."

"Bati." Bi Sitara aliitazama damu iliyopenya khanga aliyojitanda Candida, akakohoa, akaachana nayo. "Haya. Umekuja kuona aibu ya serikali yako."

Akaanza kulalamika kwa sauti ya chini. Walisimamishwa pale tangu saa tatu, akaona asikae bure. Akaumwagia mtungi wake maji ya moto kutoka kwenye chupa, kama afanyavyo kila mama lishe aliyewahi kununua gesi, kabla hajaupokea mtungi dukani. Maji ya moto hayadanganyi. Unamwaga ubavuni, unasubiri kidogo, unapitisha kiganja. Penye gesi panabaki baridi, pasipo na gesi panashika joto, na kati yake kuna mstari unaousikia kwa ngozi.

"Huu hauna mstari," alisema. "Joto moja juu mpaka chini. Mzito, lakini hauna kitu. Wametuletea mitungi ya kupigia picha."

Candida akaelewa: ule ulikuwa mmoja wa ile ishirini na minne.

Kessel alikaa Bongo miaka kumi na hakuwahi kuingia jikoni. Alidhani cha bure hakikaguliwi. Kariakoo, cha bure ndicho kinachokaguliwa mara mbili.

"Mama, nisikilize, usigeuke. Nataka wenzako wagombane."

"Wagombanie nini?"

"Mitungi. Kila mmoja aseme wa mwenzake ndio mzuri, wabadilishane, wavutane. Na kila mmoja amwage maji ya moto. Ambao hauna mstari uwekwe kwenye mkokoteni."

Bi Sitara akakaza khanga yake kiunoni. Hakuuliza. Alimjua mtoto yule tangu akiwa hajui kufunga viatu.

"Kugombana si kazi," alisema. "Kazi ni kuwanyamazisha baadaye."

Alimgeukia jirani yake na kumuuliza kwa sauti iliyofika barabarani ni nani aliyempa mtungi mpya wakati wengine wamepewa makopo. Jirani akajibu kwamba wivu utamuua kabla ya kikohozi. Wa tatu akaingilia. Dakika tano baadaye uwanja mzima ulikuwa umewaka. Waliitana wachawi, wakatajana waume, na mvuke ukapanda kutoka kwenye mitungi mia sita.

Ghorofa ya sita, ng'ambo ya Barabara ya Lumumba, jua lilimulika kioo cha darubini. Ismail alikuwa ameshaifuatilia simu iliyomwandikia Mrisho hadi kwenye mlango wa ofisi iliyopangishwa wiki iliyopita.

"Kessel anawatazama," Ismail alisema.

"Aone basi. Wanawake wanagombana."

Mikokoteni ilipita kati ya safu ikiwa na kreti za soda juu na turubai. Waliokuwa wakiisukuma walivaa kandambili na fulana zilizochanika kama wabeba mizigo wa Kariakoo. Walikuwa wanajeshi wa mabomu. Nyuma ya jukwaa, vidole vyao vilikata nyaya.

"Tisa," Ismail alihesabu. "Kumi na tano. Ishirini na mmoja. Ishirini na mitatu."

Kisha hesabu ikasimama.

Candida aliutazama mtungi namba moja. Ulikuwa mbele ya watu wote, chini ya maikrofoni. Huo ndio mgeni rasmi angeushika. Huo ndio Kessel alikuwa ameukazia macho tangu asubuhi.

Hakuna wa kuusogeza.

"Toka, mama. Nitasimama mimi."

"Nikitoka ataona nafasi imebadilika, huyo unayemwogopa." Bi Sitara aliweka kiganja juu ya mtungi, taratibu, kama anayempima mtoto homa. "Mimi nimesimama mbele ya moto miaka thelathini na mmoja. Wewe nenda kafanye kazi yako."

Akampa hotipoti na chupa ya chai.

"Urudi navyo."

*

Lifti ilikuwa mbovu, shimo lake wazi kila ghorofa. Candida alipanda ngazi za ghorofa sita huku damu ikidondoka kidole hadi kidole.

Walinzi walikuwa wawili, wenye vifua kama milango.

"Mambo," alisema.

"Poa. Chakula cha nani hicho, mrembo?"

"Chenu na cha mzungu wenu."

Mmoja alifunua hotipoti mwenyewe. Chapati zilikuwa mbili. Chini ya hotipoti, ndani ya khanga, palikuwa na mkono wa Candida na Glock 19 yenye kizuia sauti.

Pf.

Jicho la kulia la yule bwana likatoweka. Wa pili alikuwa mwepesi. Alimgonga Candida mkono, bastola ikarukia kwenye shimo la lifti na kugonga chuma mara tatu ikishuka. Kisu kikaja. Candida alikinga kwa hotipoti, ncha ikaitoboa na kukwama. Akaizungusha. Mkono wa mlinzi ulivunjika kwa sauti ya muwa. Kabla hajapiga kelele, meno ya Candida yalikuwa kooni kwake na mabega yake yakimsukuma nyuma, hatua moja, mbili.

Ya tatu haikuwa na sakafu.

Chini, spika za uwanjani zilikoroma. Mshereheshaji alikuwa akimkaribisha mgeni rasmi.

Candida alisukuma mlango kwa mguu. Mkononi alibaki na chupa ya chai, kifuniko ameshakitoa.

Kessel alikuwa dirishani, shati jeupe, darubini imening'inia shingoni kwa mkanda wa ngozi. Kidude cheusi chenye kitufe kimoja kilikuwa kwenye kiganja cha kulia.

"Sikuagiza chai," alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kama nguo ambayo haijawahi kuvaliwa. Kisha akaiona damu. Hakushtuka. "Kumbe hukufa. Si kitu. Jana dawa, leo gesi, kesho umeme. Mnaamini serikali itawapikia? Dakika moja tu, na watu wataogopa mkono wake miaka mia."

Uwanjani vigelegele vilipanda. Mgeni rasmi alikuwa amesimama.

Kidole gumba kikainuka.

Candida alirusha maji ya moto. Yaliyosalia, karibu lita nzima, yaliyochemshwa kwa mkaa wa Mtaa wa Sikukuu alfajiri ile, yalimkuta Kessel mkononi na usoni. Ngozi iliinuka. Vidole vikafunguka vyenyewe. Kidude kilianguka, kikateleza chini ya meza.

Kessel alipiga yowe, mkono wa kushoto ukachomoa Beretta. Risasi ilimkwaruza Candida shavuni, nyingine ikaingia darini. Candida akawa ameshafika. Alimpiga kwa chupa ya chai mdomoni, meno yakadondoka, akapita nyuma yake na kuudaka mkanda wa darubini.

Akakaza.

Kessel alipiga mateke. Kisigino chake kilitambaa chini ya meza kikikitafuta kile kidude. Kilikigusa. Candida aliweka goti mgongoni mwake, akavuta kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule uliochanika, akimfikiria Benedict juu ya balo la mitumba.

Kisigino kiliteleza. Kikalala.

"Mkuu," alisema alipopata pumzi. "Wakate wa mwisho."

*

Aliposhuka, wanajeshi walikuwa wameshaubadilisha mtungi namba moja, na mgeni rasmi alikuwa akiuinua mwingine mbele ya kamera. Bi Sitara hakuupokea. Alimwomba jirani chupa ya chai.

Mgeni rasmi akabaki ameushika mtungi, tabasamu limemganda, wakati mwanamke yule akimwaga maji ya moto ubavuni, akisubiri, akipitisha kiganja polepole kutoka juu kuja chini. Watu elfu tatu walinyoosha shingo.

Kiganja kikasimama katikati.

"Huu una gesi," alisema kwenye maikrofoni. "Naupokea. Na wa mwakani nitaumwagia pia."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko.

Candida alimwekea vyombo vyake miguuni. Bi Sitara aliichunguza chupa iliyobonyea, kisha akapitisha kidole kwenye tundu la hotipoti.

"Na hii nayo ni bati?"

"Nitakununulia nyingine, mama."

"Usininunulie. Nitaziba." Alikohoa. "Umekula?"

Sikioni, Ismail alikuwa akidai ripoti. Wakubwa walikuwa wanasubiri, gari lilikuwa nje ya geti.

"Wangoje," Candida alisema. "Mama yake Benedict bado hajaambiwa. Na hataambiwa kwa simu."

Akakitoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, akachukua chapati moja iliyosalia kwenye hotipoti na kutoka kwa geti la Lumumba akitembea taratibu, akitafuna.