Nenosiri la Bibi

Haya yalimpata mdogo wangu wa kike, tumbo moja, na mimi nilikuwepo. Watu wa mjini wananijua: nachekesha kwenye sherehe, na uongo wangu huwa naulipisha. Kisa hiki nakitoa bure, ndiyo mjue si uongo.

Ilianza asubuhi ya kawaida kabisa. Nguo zilikuwa kwenye kamba, chai ilikuwa mezani, na mimi nilikuwa nimejitandaza kwenye kochi la shemeji kama vile nimelinunua. Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa njiani. Mimi nilikuja kumtia mdogo wangu moyo, maana nyumba ilikuwa imepooza. Mtoto wao hakuwepo.

Mtoto mwenyewe ni binti wa darasa la pili, mimi namwita Cherehani, kwa sababu mdomo wake ukianza hausimami mpaka uzi uishe. Alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, ugonjwa wa damu, ndani ya chumba cha vioo ambacho hata nzi haruhusiwi kuingia. Dawa zilikuwa zimemaliza kinga yake yote, na nywele zake zote. Mama yake alikuwa naye hukohuko mpaka alipoanza kukohoa. Wakamtoa siku hiyohiyo, wakamrudisha nyumbani. Kikohozi chako, wakamwambia, kinaweza kumuua mwanao.

Kwa hiyo wakawa wanaonana kwa simu. Kila alasiri muuguzi anaisimamisha simu ya wodi mbele ya kitanda, mama anatokea kwenye kioo, anamsimulia hadithi, mtoto anakula. Bila hadithi hafungui kinywa. Asipokula dawa hazikai. Daktari hakuficha: mtoto huyu anashikiliwa na hiyo alasiri.

Ndiyo maana asubuhi ile, taa ya rauta, kile kisanduku cha intaneti, ilipogeuka nyekundu, mdogo wangu aliweka kikombe mezani bila sauti. Akaitazama ile taa. Chai yake ikapoa hapohapo.

Mtandao wa simu wa kawaida pale kwao ni wa kubahatisha, nyumba iko bondeni. Ili uongee sharti upande juu ya kibanda cha tangi la maji, na hata huko unapata sauti tu, picha usahau. Nikamwita fundi.

Fundi yule mtaa mzima unamwita Zima-Washa. Dawa yake ya kila kitu ni moja: zima, subiri, washa. Nasikia hata ndoa yake aliitengeneza hivyo hivyo, mke akaondoka wakati wa kusubiri.

"Imejiapdeti yenyewe alfajiri," akasema, macho kwenye kompyuta yake. "Kampuni wametuma programu mpya, ikaingia, ikafuta kila kitu. Jina la waifai, nenosiri, vyote. Nipe jipya, mama, niweke."

"Sijui alilokuwa ameweka mume wangu," mdogo wangu akasema.

"Si lazima lilelile. Buni jingine lolote."

"Nikibuni nitaanza kuliingiza kwenye simu, kompyuta, televisheni… Hapana. Weka lile la zamani. Lile la Bibi. Kila kitu humu ndani kinalikumbuka, kitaingia chenyewe."

Bibi alikuwa mama yake shemeji. Alifariki mwaka uliotangulia, kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa mama wa sauti kubwa na simu kubwa. Intaneti ya nyumba ile iliwekwa kwa ajili yake, na nenosiri alilichagua mwenyewe, akawa anawatangazia wageni kabla hawajavua viatu. Kazi ya intaneti yenyewe ilikuwa moja: kumpigia Cherehani. Mtoto yuko sebuleni, bibi yuko chumbani, ukuta mmoja katikati, wanapigiana video. Na kila mdogo wangu akijaribu kumwita mwanawe aje kula, yule mama humjibu kwa kicheko, "Huyu ni wangu. Wewe umenizalia tu."

Mdogo wangu hakuwahi kuona cha kuchekesha hapo.

Baada ya mazishi shemeji alifunga kile chumba, akabadilisha jina la waifai na nenosiri. Hakusema kwa nini. Tukadhani majirani wanatuibia.

Zima-Washa akaandika jina la zamani na nenosiri la Bibi. Taa ikawa ya kijani. Simu ya mdogo wangu ikalia: imeingia. Kompyuta ikalia. Televisheni ikajiwasha.

Na kule nyuma, ndani ya chumba kilichofungwa, kitu kikalia pia.

Nikasema ni friji. Friji ilikuwa jikoni.

*

Alasiri ilipofika, mdogo wangu alijifunga kitambaa kizuri, akakaa mezani, akapiga. Picha ikaja nusu: kipara kidogo, jicho moja. Ikaganda. Ikakatika.

Akapiga tena. Ikakatika.

Simu inaonyesha imeunganishwa. Taa ya kijani, haina hata aibu. Lakini hakuna kinachopita. Tukaanza kuzunguka na ile kompyuta nyumba nzima, mimi nimeiinua juu kama mhudumu wa hoteli aliyesahau meza ya mteja. Nikapanda kiti. Nikashika rauta mkono mmoja na dirisha mkono wa pili. Nikaifunika kwa kifuniko cha sufuria, maana kuna mtu aliwahi kuniambia inasaidia, na mtu huyo nikimpata tutazungumza. Siku nyingine mdogo wangu angecheka mpaka akae chini. Siku ile alikuwa ananifuata nyuma na kusema, "Hapo? Bado? Na hapo?"

Muda wa kumwona mtoto ukaisha.

Alipanda kwenye kibanda cha tangi kumpigia muuguzi, nami nikampandia nyuma. Sauti ilikuwa inakuja kwa vipande.

"Dada, naomba uniombee radhi kwa mwanangu," akasema huku analia. "Mtandao umenikatalia. Amekula kweli?"

"Radhi ya nini?" muuguzi akashangaa. "Mmeongea muda wote. Amemaliza bakuli. Amecheka mpaka nikaja kumtuliza."

"Ameongea na nani?"

"Wewe. Nimekuona kwa macho yangu. Nikasema hata afadhali, leo mama hujakohoa hata mara moja."

Mdogo wangu alifungua mdomo kujibu. Kikohozi kikamshika. Akakohoa mpaka nikamshika mabega asianguke.

*

Kesho yake Zima-Washa alirudi na simu yenye programu ya kupima mawimbi. Alitembea polepole, chumba hadi chumba. Sebuleni kidogo. Jikoni kidogo. Chumba cha kulala, hakuna. Kwenye korido mshale ukaanza kupanda. Alipofika mbele ya mlango wa nyuma, ukafika mwisho na kukaa hapo.

"Programu hii mpya ina akili," akasema kwa sauti ya chini. "Haitawanyi mawimbi ovyo. Inamtafuta anayetumia, inamwelekezea yeye. Yote inaelekeza humo." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Humo anakaa nani?"

"Hakuna mtu."

"Mama, kuna mtu. Na anakula karibu intaneti yote."

Nikapanda kwenye tangi, nikambahatisha shemeji. Akapatikana, injini inanguruma nyuma yake. Nikamweleza. Aliposikia habari ya nenosiri, injini ikazimwa.

"Mmeweka lipi?"

"La marehemu mama."

Nikasikia mlango wa lori unafunguliwa, unafungwa.

"Shemeji, simu yake iko wapi?"

"Niliivunja kwa nyundo," akanong'ona. "Siku ya pili baada ya mazishi. Ilikuwa haizimi. Nikaivunja, nikachoma mabaki. Ndipo nikabadilisha nenosiri."

"Kama ulishaivunja, ulibadilisha la nini?"

"Kwa sababu alikuwa bado anaingia."

Laini ikakata. Nilipogeuka, jua lilikuwa limeshainama. Alasiri.

Nikaruka chini. Nikavunjika ukucha, sikuusikia. Ndani ya nyumba mdogo wangu alikuwa amesimama koridoni, sikio mlangoni. Zima-Washa ameegemea ukuta, uso umempauka. Mdogo wangu akaniwekea kidole mdomoni.

Ndani ya kile chumba Cherehani alikuwa anacheka.

Sauti yake hasa. Karibu, safi, kama ameketi upande wa pili wa mlango. Na sauti nyingine ilikuwa inamsimulia. Sauti ya mdogo wangu. Ileile. Wakati mdogo wangu mwenyewe amesimama mbele yangu, midomo imefumbwa.

"Ukichoka na hicho chumba, mwanangu," ile sauti ikasema, "unatoka tu."

"Wamesema nisitoke," mtoto akajibu.

"Wanakudanganya. Kinachokushika ni huo mrija wa kifuani. Uvute. Halafu sukuma mlango. Niko hapa nje."

Nikaupiga mlango kwa bega. Nikaupiga tena. Kitasa kikang'oka.

Kitanda. Godoro tupu. Kiti kimoja, kimegeuzwa kuelekea ukutani. Vumbi kila mahali. Hakuna mtu.

Sauti zikaendelea. Zilikuwa zinatoka kwenye kiti.

Simu ya mdogo wangu ikawaka mkononi mwake. Picha ikaja, kamili, haigandi. Cherehani kwenye kitanda cha hospitali, kipara kinang'aa, amekaa. Mkono wake mdogo umeshika mrija.

"Mwanangu, acha! Usiguse!"

Mtoto hakugeuza hata jicho. Alikuwa anamtazama mtu mwingine.

"Kimbia tangini, mpigie muuguzi!" nikamwambia fundi, nikamtupia simu yangu yenye namba ya wodi. Akakimbia. Mimi nikakimbilia rauta, nikang'oa waya, nikang'oa na betri yake ya akiba. Taa zikafa zote.

Nikarudi. Picha ipo. Sauti ipo.

"Vuta tu. Haiumi."

"Inauma kidogo, mama."

"Kidogo tu."

Dirishani nikamsikia Zima-Washa analia kule juu: "Inaita tu! Hawapokei!"

Nilisimama na waya mkononi.  Kwenye kioo plasta ya kifuani ilikuwa imeanza kubanduka. Pembeni yake doa jekundu. Likawa linakua.

Mdogo wangu akaweka simu sakafuni. Akapiga magoti mbele ya kile kiti. Akainamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya enzi zile akimpelekea Bibi chakula.

"Mama," akasema. "Mama, nisamehe."

Ile sauti ikanyamaza.

"Nilikuwa nakunyima. Nilikuwa namwita makusudi akiwa na wewe. Nisamehe. Ni wako."

 Mkono wa mtoto haukusogea.

"Sema tena."

Hiyo haikuwa sauti ya mdogo wangu tena. Ilikuwa nzito. Ya mtu mzima. Niliifahamu. Iliwahi kunitangazia nenosiri kabla sijavua viatu.

"Ni wako, mama." Akakohoa, akaziba mdomo, akalazimisha. "Mimi nimekuzalia tu. Mchukue. Lakini awe hai. Nakuomba. Mwambie aache."

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akijiweka sawa.

"Acha huo mrija, mwanangu," Bibi akasema, kwa upole. "Kula kwanza."

Cherehani akauachia. Akavuta bakuli. Akachota kijiko, akala, akachota kingine. Muuguzi akaingia mbio kwenye picha, anapiga kelele, anabana kifua cha mtoto kwa kitambaa. Kioo kikawa cheusi.

Mdogo wangu alibaki amepiga magoti mpaka giza lilipoingia. Nilimshika mkono ainuke, akanikatalia. "Hajaniruhusu," akanong'ona.

*

Rauta ile tuliisaga kwa mawe. Tulilisahau nenosiri kwa makusudi, kama mtu anavyoweza kusahau kwa makusudi. Zima-Washa hakudai hata nauli, na tangu hapo hapokei simu yangu.

Mtoto alipona. Tangu alasiri ile hakurudi nyuma tena. Damu ikatulia, kinga ikarudi, madaktari wakawa wanaitana waje kuona majibu ya vipimo. Shemeji alimleta nyumbani amempakata, tukalia wote, tukapiga picha.

Nywele zake zimeota. Ni nyingi, ndefu kuliko za zamani. Nyeupe. Zote, kuanzia kwenye mizizi, nyeupe pe. Daktari alisema hutokea, dawa zina mambo yake. Nikamuuliza amewahi kuona wangapi. Akaanza kupanga karatasi zake.

Juzi nilipita kuwasalimia. Nikawakuta uani. Cherehani kwenye kiti, ameweka mikono magotini, mgongo umenyooka. Mdogo wangu nyuma yake na kitana, tayari kumchana. Kabla hajamgusa akainama, akapiga goti moja chini, na nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanawe wa kumzaa:

"Shikamoo."

Mtoto hakugeuka.

"Marahaba," akajibu. "Anza na huku nyuma."