Deni la Mabati ya Mbaraka

Salma alikuwa akimkatia ng'ombe wake majani kwenye kingo za shamba la kahawa, huko Mlola, tarishi wa mahakama alipofika na karatasi mkononi. Aliondoka na ng'ombe. Alisema ng'ombe huyo atauzwa mnadani kwa deni la marehemu mumewe, Mbaraka. Deni lisipoisha kwa siku kumi na nne, nyumba nayo itauzwa.

Salma alishangaa. Deni lile la mabati lilikwisha lipwa! Ni kweli Bakari mwenye duka, aliyemkopesha Mbaraka mabati, aliwahi kumshitaki, na mahakama ikaizuia nyumba mpaka alipe. Mbaraka alilipa mpaka senti ya mwisho. Siku ile shehe alisoma Fatiha, wakala wali, na Bakari akasema, "Yamekwisha, ndugu yangu." Nani angethubutu kudai stakabadhi baada ya Fatiha? Yangekuwa matusi. Sasa Bakari na shehe wote ni marehemu. Abdallah, mdogo wake Bakari, amerithi duka na kuikuta hukumu sandukuni.

Jioni Salma alimwendea Efrazia, mwalimu wa darasa la watu wazima.

"Shikamoo, mama," Efrazia alimwamkia, akamsikiliza mpaka mwisho. "Mlimalizana na Bakari. Na mahakama je?"

"Mahakama ya nini tena, mwalimu? Deni si lilikwisha?"

"Kwa Mungu limekwisha. Kwenye faili bado lipo. Ukilipa, dai stakabadhi yenye sahihi. Kisha wewe na aliyekudai mwende mahakama ileile iliyohukumu. Malipo yaandikwe kwenye faili, amri juu ya nyumba ifutwe, nawe upewe nakala yenye muhuri."

"Laiti ungemwambia Mbaraka hayo akiwa hai," Salma alisema kwa uchungu.

"Nani mwingine aliyeona malipo?"

"Halima, mjane wa Bakari. Ndiye aliyepika wali."

Halima alijua kuwa angemuudhi shemeji yake, ambaye ndiye anayemlisha. Hata hivyo alikwenda mahakamani pamoja na Salma. Mbele ya hakimu alisema, akimtaja marehemu kwa heshima ya Kisambaa, "Mghosi Mbaraka alilipa. Nilizihesabu fedha mwenyewe."

"Mimi nilikuta karatasi tu," Abdallah alinung'unika.

Hakimu akayaandika malipo, akaifuta amri, akagonga muhuri. Nyumba ikapona.

"Na ng'ombe wangu?" Salma aliuliza.

Ng'ombe alikwisha uzwa gulioni, na nyama yake ilikwisha liwa. Abdallah aliamriwa kurudisha thamani yake kidogo kidogo.

Mwezi uliofuata Abdallah alileta shilingi hamsini. Hakumtazama Salma usoni.

"Pokea, dada. Sisi ni majirani, tusiandikiane."

Salma alizitazama zile fedha kwa hasira. Angeweza kuzipokea na kunyamaza. Kesho angekana kwamba amelipwa, naye Abdallah aonje uchungu uleule. Lakini alichukua kalamu yake ya darasani. Aliandika polepole jina la Abdallah, kiasi cha fedha na tarehe, akatia sahihi.

"Shika," alisema. "Ukimaliza kulipa, tutakwenda wote mahakamani, faili lifungwe. Sitaki wanao wanyang'anywe ng'ombe kwa deni ulilokwisha lipa."