Ng'ombe Mwenye Namba Hasi

…Hasi mia tano na saba! Ng'ombe mzima, anakula, anatoa maziwa, halafu mtu anatuambia ana namba hasi! Jamani!

Ngoja nianze mwanzo, maana hasira bado ninazo.

Siku hizi kila kikundi cha wafugaji kinauza maziwa chenyewe. Basi kikundi chetu hapa Machame kimewavisha ng'ombe wote hereni za plastiki. Kila hereni ina nafasi kumi. Nafasi iliyotobolewa ni moja. Isiyotobolewa ni sifuri. Namba za moja na sifuri tupu zinaitwa binari. Karani wetu, Isack, anaziingiza kwenye kompyuta, kwenye Excel. Huko kuna fomula inaitwa BIN2DEC. Inazigeuza kuwa namba zetu za kawaida.

Leo bwana mifugo kaleta chanjo ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Dawa ikishafunguliwa haikai mpaka kesho. Na ndigana tunaijua, mwaka jana ilituulia ndama. Mama akamsugua Malkia, ng'ombe wetu, tukampeleka ofisini.

“Shikamoo, mama,” Isack akasema, hata macho hajainua.

“Marahaba. Malkia huyu hapa.”

“Hayupo kwenye orodha ya chanjo.”

“Hayupo vipi, na ananya mlangoni kwako?”

“Kompyuta imetoa hasi 507. Hakuna ng'ombe hasi. Wote wenye hasi nimewafuta kwenye hiyo orodha.”

“We Isack! Nimekubeba mgongoni, leo unanifutia ng'ombe?”

“Kompyuta haikosei, mama.”

Nikashika sikio la Malkia. 1000000101. Nikaanzia mkono wa kulia. Nafasi ya kwanza ni 1, inayofuata 2, halafu 4, halafu 8. Unazidisha kwa mbili hadi ya kumi, ambayo ni 512. Unajumlisha zilizotobolewa tu. 512, na 4, na 1.

“Ni 517!” nikapiga kelele. “Hasi umeitoa wapi?”

“Gladness, cheti chako cha chuo hakichanji ng'ombe,” Isack akacheka.

Nikatoka mbio hadi kwa jirani yetu Flavia. Yeye anafundisha kompyuta kule Njoro, Jumamosi yuko nyumbani. Akaja na utomvu wa ndizi mikononi.

“Isack, hii fomula inapokea tarakimu kumi, basi,” akasema. “Zikitimia kumi, na ya kushoto kabisa ikiwa moja, inaichukua kuwa alama ya hasi. Badala ya kuongeza 512, inatoa. Hapa 4 na 1 ni tano. Tano toa 512, hasi 507.”

“Kwa hiyo…”

“Kwa hiyo umefuta kila ng'ombe kuanzia namba 512. Wote waliovishwa hereni mwaka huu!”

Nje watu wakalipuka. “Na wa kwangu? Isack, na wa kwangu?”

“Turekebishe vipi, dada?” Isack akauliza. Sauti imekuwa ndogo!

“Tenganisha. Tarakimu tisa za kulia zipe BIN2DEC. Ya kushoto izidishe kwa 512. Kisha jumlisha.” Akaandika:

=LEFT(A2,1)*512+BIN2DEC(RIGHT(A2,9))

“LEFT inachukua kushoto, RIGHT kulia. Na ukiingiza namba ya hereni, tanguliza alama hii ', ili sifuri za mbele zisidondoke. Lazima zibaki kumi.”

Akabonyeza. 517! Akaishusha fomula hadi chini, hasi zote zikapotea, waliofutwa wakarudi kwenye orodha. Malkia akachomwa sindano, na wenzake wote, dawa ikiwa bado nzima. Sasa Isack kaambiwa na kikundi: kabla ya kumfuta ng'ombe, toka nje, shika sikio, hesabu kwa kidole.

Na jioni hii kaja kwetu, mkononi kashika jani la isale. Kwetu Uchagani ukiletewa isale, umeombwa msamaha, na kukataa si rahisi. Mama kalitazama lile jani. Kamtazama Isack.

“Aliyekosewa si mimi,” akasema. “Mpelekee mwenyewe.”

Basi Isack huyo, bandani, kamnyooshea ng'ombe jani! Na Malkia… aa, mama ananiita nikakamue. Jibu la Malkia utalipata kwangu kesho, usilisikie kwa mwingine!