Chupa Iliyorudi Nyumbani

Kila Jumamosi asubuhi Onesphory alibeba bomba mgongoni na kuwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Mkewe, Hilaria, ndiye aliyepima dawa. Hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Kila chupa waligawana nusu kwa nusu na jirani yao Konsolata. Kwa hiyo chupa mpya ilipoingia nyumbani, Hilaria alipasha msumari motoni, akachoma kidoa kidogo mgongoni mwa chupa, pale nusu inapoishia. Hapo hapakuwa na ugomvi.

Katika zizi lao, kijijini Bashay, walikuwa na ng'ombe watatu. Wawili walikuwa wao. Wa tatu, mweusi mwenye baka jeupe usoni, alikuwa wa Mzee Hhando. Aliwapa wamtunze, kama ilivyo desturi: maziwa na samadi ni vya anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe wa kutunza ni heshima. Akifa kwa uzembe wako, hakuna atakayekukabidhi mwingine, na maneno hayo yatasemwa hata siku ya msiba wako.

Asubuhi hiyo ng'ombe mweusi hakula. Alikuwa na mimba kubwa. Alisimama ameinamisha kichwa, akihema kama aliyepanda mlima. Hilaria alimpapasa chini ya sikio. Tezi ilikuwa imevimba. Ndani ya sikio, kupe walijaa kama maharage, ingawa Onesphory alinyunyizia kila wiki bila kukosa.

Onesphory alitaka wangoje kidogo. Pengine angepona kabla mzee hajasikia.

"Baba Eva," Hilaria alisema, "tukificha ugonjwa, akifa tutamwambia nini mzee? Kwamba alikufa akiwa mzima?"

Onesphory alichukua fimbo yake akaenda kwa Mzee Hhando. Hilaria alimpigia simu Judith, afisa mifugo wa kata.

Judith alifika kwa pikipiki. Alipima joto, akashika tezi, akamchoma ng'ombe sindano. Alisema ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Hakuahidi kitu. Wangojee hadi kesho. Kisha akauliza kama kweli wananyunyizia dawa.

Onesphory, aliyekuwa amerudi, alikasirika. Alileta chupa akamwonyesha lebo yenye picha ya ngao. Kila mfugaji aliijua ngao ile.

Judith alimimina dawa kidogo kwenye ndoo ya maji. Wote watatu wakainama kutazama. Maji yakawa ya manjano kidogo, basi.

"Dawa ya ngao ikiingia kwenye maji inakuwa nyeupe kama maziwa," Judith alisema. "Hii siyo."

Onesphory, ambaye ndiye aliyechanganya dawa na maji, alikiri kwamba aliona hivyo tangu mwanzo. Alidhani ni toleo jipya. Aliinunua mnadani kwa mchuuzi Basili, kwa sababu dukani kwa Raya, kule Mbulu mjini, ni mbali na bei iko juu. Risiti hakupewa. Kifuniko kilikuwa kimebandikwa gundi.

"Lakini lebo hii ni ya kweli," alisema. "Mimi siyo kipofu."

"Lebo ni ya kweli, baba. Chupa ni ya kweli. Kilichomo ndani ndicho cha bandia. Wanakusanya chupa tupu, wanajaza takataka, wanawauzia."

Hilaria, ambaye siku zote aliimimina tu bila kuikagua, aliichukua chupa ili aione vizuri. Kidole gumba chake kikagusa kitu mgongoni mwa chupa. Kidoa cha kuchomwa.

Aliigeuza chupa kwenye mwanga. Chupa hii hakuichoma yeye mwezi huu. Konsolata alikuwa safarini, kwa hiyo hawakugawana. Kisha akamkumbuka mwanamke wa mnadani aliyenunua chupa tupu. Alisema ni za kuwekea asali, na chupa yenye lebo safi aliilipia vizuri zaidi. Hilaria alikuwa akiziosha zake kwa uangalifu, lebo isichanike.

"Hii chupa ni yangu," alisema.

"Si tumeinunua?" Onesphory aliuliza.

"Kabla ya kuinunua, niliiuza mimi. Ikiwa tupu."

Judith aliwaeleza polepole. Jina la dawa na picha ya ngao vimesajiliwa. Ni mali ya kampuni, kama ng'ombe mwenye alama ya moto ni mali ya aliyemtia alama. Anayetumia alama hiyo kwenye kitu chake ameiba, na sheria inamwadhibu. Tena hamwibii mwenye kampuni peke yake. Mfugaji hununua kwa kuiamini ngao. Mwizi anauza imani hiyo, na ng'ombe wanakufa.

Kisha akauliza kama Hilaria atasema hayo mbele ya mkaguzi wa dawa na polisi.

Onesphory alikohoa. Basili alikuwa shemeji yake Konsolata. Wataishi vipi na jirani?

Hilaria alitazama zizini. Mzee Hhando alikuwa amefika. Hakulaumu. Alisimama, mkono wake juu ya mgongo wa ng'ombe, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

"Nitasema," Hilaria alijibu.

Siku ya mnada, Basili alikuwa ametandaza turubai lake, chupa za ngao zimepangwa mstari. Alipomwona mkaguzi na polisi, hakutetereka. Alipomwona Hilaria, alicheka.

"Mama Eva, chupa zote zinafanana. Au wewe unazijua kwa majina, kama watoto wako?"

Watu wakacheka pia. Hilaria hakusogea.

"Mimi sigusi kitu," alimwambia mkaguzi. "Pitisha kidole mgongoni mwa kila chupa, katikati. Ukikuta kidoa cha kuchomwa, hiyo imetoka jikoni kwangu."

Mkaguzi akaanza. Chupa ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Watu wakasogea karibu. Mkaguzi asipopata hata moja, Hilaria ndiye atakayeitwa mzushi, na Konsolata hatamsamehe. Mstari ulikuwa unaelekea kwisha.

Kidole cha mkaguzi kikasimama. Akairudisha chupa nyuma, akagusa tena, akampa polisi. Kisha akapata nyingine.

Kicheko kilikwisha. Basili alianza kusema kwamba yeye analetewa tu. Polisi alimwambia atayaeleza hayo kituoni.

Konsolata hakumsalimia Hilaria kwa muda mrefu. Halafu mbuzi wake wakaanza kujaa kupe, naye akaja akauliza wanunue wapi dawa. Hilaria hakumzungusha. "Kwa Raya. Kagua kifuniko kama hakijafunguliwa, soma tarehe, dai risiti. Tutagawana kama zamani."

Ng'ombe mweusi alipona taratibu, akazaa ndama jike. Mzee Hhando alipokuja, binti yao Eva alimwamkia shikamoo, akamwekea kigoda. Mzee hakuketi. Alimzunguka ng'ombe, akamzunguka ndama. Onesphory alingoja kuambiwa afungue kamba, ng'ombe achukuliwe.

"Mliniambia siku ile ile," mzee alisema. "Abaki. Na huyu ndama, akiacha kunyonya, mtamtunza ninyi."

Jumamosi iliyofuata chupa kutoka dukani iliisha. Judith alikuwa amewafundisha: chupa tupu ya dawa haiuzwi, haiwekwi asali wala maji. Hilaria aliichana lebo. Akapasha msumari ule ule motoni, akatafuta kile kidoa cha nusu, na safari hii akausukuma hadi ukatokea upande wa pili.